Kimeng'enya

Tafuna tonge la ugali bila kulimeza upesi. Baada ya muda utaonja utamu kidogo. Hiyo ni kazi ya amilesi, kimeng'enya kilichomo kwenye mate, ambacho hukata minyororo mirefu ya wanga na kutoa sukari iitwayo maltosi.

Jina limetokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo. Mjerumani Wilhelm Kühne, aliyebuni jina linalotumika Ulaya katika miaka ya 1870, alichota maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Yeye alitaja mahali. Kiswahili kimetaja kazi, nami nalipenda jina letu kwa hilo: mwanafunzi akilisikia tu, ameshapata nusu ya maelezo.

Nusu ya pili lazima mwalimu aiseme wazi, kwa sababu si kila kimeng'enya huvunja. Polimerasi ya DNA huunganisha: hupanga viungo vidogo kimoja baada ya kingine hadi nakala mpya ya DNA ikamilike, kabla seli haijagawanyika. Nayo, sawa na amilesi, haiishi kwa kutumika. Ikimaliza hapa huanza kwingine.