Insha ya KCSE: Mtahiniwa wa Mombasa asidhani kujua kusema ni kujua kuandika

KUNA dhana iliyokita mizizi kisiwani Mombasa, hasa katika mitaa ya Mji wa Kale, kwamba aliyezaliwa katika Kiswahili hana haja ya kujifunza Kiswahili. Mzazi humtafutia mwanawe mwalimu wa ziada wa Hisabati na Fizikia, lakini Kiswahili huachwa nyuma, eti hiyo ni lugha ya nyumbani. Dhana hii imewaponza watahiniwa wengi. Mtu anaweza kuwa msemaji hodari barazani na bado akapata alama za chini katika insha, kwani mtahini hasikii sauti yake. Anasoma karatasi yake tu.

Makala haya yanaeleza jinsi insha ya KCSE inavyotahiniwa, na mahali ambapo mtahiniwa wa Mombasa hujikwaa.

Karatasi yenyewe

Insha ni Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili, nambari 102/1. Mtahiniwa hupewa muda wa saa 1 na dakika 45 kuandika insha 2 zisizopungua maneno 400 kila moja. Swali la kwanza ni la lazima na aghalabu huwa insha ya kiuamilifu: barua rasmi, hotuba, ripoti, kumbukumbu za mkutano, tahariri na kadhalika. Insha ya pili huchaguliwa kati ya maswali 3 yaliyosalia, ambayo kwa kawaida huwa na methali, mjadala na kisa cha kuanzia au kumalizia kwa maneno yaliyotolewa.

Kila insha ina alama 20. Watahini huzigawa katika viwango vinne: D (1 hadi 5), C (6 hadi 10), B (11 hadi 15) na A (16 hadi 20). Wanachopima ni maudhui, msamiati, mtindo, sarufi na hijai. Urefu nao una uzito wake: insha iliyofika nusu tu ya urefu unaotakiwa haiwezi kupita alama 10, hata ikiwa tamu namna gani.

Kimvita na Kiswahili sanifu

Mwaka 1928, mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya wenyeji wa kisiwa hiki, kikabaki lugha ya nyumbani na ya utungo. Hii si kusema kwamba Kimvita ni Kiswahili kibovu. Ndicho alichokitungia Muyaka bin Haji katika karne ya 19, na tungo zake zingali zinasomwa hadi leo. Lakini mtihani huandikwa kwa lugha sanifu, na mtahiniwa asiyezitenganisha lugha hizi mbili hupoteza alama bila kujua.

Tazama mifano hii. Nyumbani husemwa mato, mtele, ndia, ndaa na nti. Katika mtihani huandikwa macho, mchele, njia, njaa na nchi. Nyumbani husemwa 'yuwaja'. Katika mtihani ni 'anakuja'. Hatari zaidi ni maneno yanayobadilika maana. Mtahiniwa akiandika 'msichana yule aliteka sana' akikusudia kwamba alicheka, mtahini ataelewa kwamba aliteka maji, au pengine aliteka nyara watu.

Yapo mahali ambapo lahaja ina haki yake. Barabara ya Ndia Kuu katika Mji wa Kale ni jina la mahali, nalo huandikwa vivyo hivyo. Pia, katika kisa, mhusika mzee anaweza kusema Kimvita ndani ya alama za mtajo. Msimulizi mwenyewe ndiye asiyepaswa kuteleza.

Dawa yake ni nyepesi. Mwanafunzi na awe na daftari lenye safu mbili, upande mmoja neno la nyumbani, upande wa pili neno sanifu, na alijaze kila anaposahihishwa. Vifupisho vya simu kama 'xaxa' badala ya 'sasa' navyo viingizwe humo.

Sura ya insha ya lazima

Katika insha ya kiuamilifu, sura ni sehemu ya jibu, na anayeikiuka huadhibiwa. Kumbukumbu za mkutano, kwa mfano, huwa na kichwa kinachotaja kikundi, mahali, tarehe na saa, orodha ya waliohudhuria, waliotuma udhuru na waliokosa, ajenda, maelezo ya kila ajenda kwa wakati uliopita, kufungwa kwa mkutano, na nafasi za sahihi za mwenyekiti na katibu. Mambo haya yanakaririka kwa siku chache. Asiyeyajua hana wa kumlaumu.

Methali ina pande zake

Katika swali la methali, kisa sharti kithibitishe pande zote za methali. Chukua 'Asiyesikia la mkuu huvunjika guu'. Pawe na mkuu aliyeonya, pawe na aliyekaidi, na pawe na msiba uliotokana na ukaidi huo. Mtahiniwa anaweza kusimulia juu ya kijana aliyeonywa na nahodha katika Bandari ya Kale asitoe mashua wakati wa dhoruba. Asipolitaja onyo la nahodha, kisa kitakuwa cha ajali ya baharini tu, na methali itakuwa haikujibiwa. Aliyepotoka kimaudhui hawezi kuokolewa na tamathali.

Hoja iwe na mwili

Katika mjadala, kila aya ibebe hoja moja, ithibitishwe kwa mfano, kisha ifungwe. Kuandika kwamba 'msongamano wa magari Mombasa ni mbaya sana' si hoja. Lakini mtahiniwa akieleza kwamba Mombasa ni kisiwa, kwamba magari huingia na kutoka kwa njia chache kama Daraja la Nyali, Makupa na kivuko cha Likoni, na kwamba njia moja ikikwama mji mzima huhisi, hapo ametoa sababu, ushahidi na matokeo.

Kielelezo tunacho hapa hapa nyumbani. Katika miaka ya 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa magazeti mawili mjini humu, Sahifa na baadaye Al-Islah. Alizungumzia elimu na tabia ya kuiga wageni, katika makala mafupi yenye jambo moja kila moja, na mengi kati yake yakakusanywa katika kitabu Uwongozi. Hakuwa akiandikia mtihani, lakini nidhamu ya kushika jambo moja hadi mwisho ndiyo hiyo hiyo mtahini anayoitafuta.

Kinyume chake ni zile tanguliza zilizokaririwa, za jua la matlai na ndege waimbao, zinazobandikwa juu ya kila swali. Mtahini amekwisha kuzisoma katika mamia ya karatasi. Heri sentensi moja inayoingia moja kwa moja katika swali.

Kugawa muda

Dakika 105 zinaweza kugawanywa hivi: 10 za kusoma maswali na kupanga hoja, 40 kwa kila insha, na 15 za kusahihisha. Dakika hizo za mwisho zisichezewe. Ndizo za kuwasaka 'mato' na 'ndia' waliopenya, na kurejesha herufi na vituo vilivyosahaulika.

Mwanafunzi akiandika insha moja kila juma na kuisahihisha pamoja na mwalimu, ataingia katika chumba cha mtihani akiwa na zaidi ya insha 30 mkononi kwa mwaka mmoja wa masomo. Hapo ndipo lugha aliyonyonya kwa mama itakapomfaa, kwa kuwa atakuwa ameifunza pia kukaa katika karatasi.