Yungiyungi la Mashyuza: lilipotea Rusizi, likaibwa London

Mwaka 2023 zilipotoka habari kwamba yungiyungi dogo kuliko yote duniani limeonekana tena likiota lenyewe Rwanda, watu wa Gihundwe na Kamembe ndio waliostahili kupewa hongera kwanza. Ua hilo ni la wilaya yao, Rusizi. Makao yake ni chemchemi za maji moto za Mashyuza, bondeni Bugarama, na halijapata kujulikana porini mahali pengine popote.

Mimea ya upande huu ilianza kukusanywa zamani. Mjerumani Johannes Mildbraed alipita msitu wa Rugege, ambao leo tunauita Nyungwe, katika msafara wa 1907 na 1908. Mimea aliyoikausha ikapelekwa Berlin, na sehemu kubwa ya hazina ya huko iliteketea kwa mabomu Machi 1943. Baadaye Wabelgiji wakajenga kituo cha utafiti Lwiro, ng'ambo ya Ziwa Kivu, na kingine Butare, ambako Georges Troupin alisimamia vitabu vikubwa vya mimea ya Rwanda kuanzia 1978.

Yungiyungi hili lilikuwa bado halijaandikwa. Mwaka 1987 Eberhard Fischer, Mjerumani mwingine, aliliona kwenye tope lenye unyevu, pale maji ya chemchemi yalipokwisha kupoa hadi nyuzi 25 hivi. Jani lake lilikuwa na upana wa sentimita moja tu, sawa na ukucha. Mwaka uliofuata akalitangaza kwa jina la Nymphaea thermarum.

Kazi ya kuutangaza mmea mpya husimama juu ya mmea uliokaushwa. Mmea hutandazwa kati ya magazeti, hukandamizwa hadi ukauke, kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu. Pembeni huwekwa kibandiko chenye jina, mahali, tarehe na mkusanyaji. Bila kibandiko, hayo ni majani makavu tu. Kikiwepo, ni ushahidi kwamba ua hili lilikuwa hapa, siku fulani.

Lakini mmea mkavu hauoti tena, na bahati yetu ni kwamba Fischer alipeleka mingine hai kwenye bustani ya Bonn. Kufikia 2008 maji ya chemchemi yalikuwa yamechotwa kupita kiasi, tope likakauka na ua likatoweka.

Mbegu kutoka Bonn zilifika bustani ya Kew, London, mwaka 2009, kwa mtunza mimea Mhispania, Carlos Magdalena. Ziliota, lakini miche ikawa inadhoofika na kufa. Alijaribu aina za maji, joto na udongo bila mafanikio. Mayungiyungi karibu yote huanza maisha chini ya maji, naye alikuwa akiyalea hivyo. Jawabu lilitoka katika maelezo ya Fischer kuhusu makao ya mmea: huota topeni, majani yakiwa hewani, ambako hupata hewa ya ukaa ya kutosha. Akaweka vyungu ndani ya maji ya nyuzi 25, usawa wa maji ukilingana na wa udongo. Novemba mwaka huo likachanua.

Ndipo likawa maarufu, na umaarufu ukaleta mwizi. Tarehe 9 Januari 2014, saa za kazi, mtu aling'oa mche mmoja ndani ya nyumba ya vioo ya Kew iliyokuwa wazi kwa wageni. Polisi wa London wakaomba msaada wa umma, magazeti ya dunia yakaandika, lakini mche haukurudi.

Inauma kwamba dunia ililijua ua la Rusizi kwa habari ya wizi wa London, huku watoto wengi wa Rusizi wakimaliza shule bila kulisikia. Hazina ya mimea iliyokaushwa ya taifa iko Huye. Nakala ya kibandiko cha Mashyuza ingetundikwa katika kila shule kuanzia Gihundwe hadi Bugarama, na maji ya chemchemi yakawekewa ulinzi wa sheria sasa, kabla hayajaelekezwa kwingine tena.