Shujaa wa Riwaya Haulizwi Kitambulisho

Wasee, hebu nianze na swali. Kwa zile riwaya zote za vijana tulizosoma shuleni, shujaa anatoka kwao ukurasa wa ngapi? Mapema sana. Anagombana na mtu nyumbani, anafunga kibegi, anadandia gari, dunia inafunguka. Na hakuna mahali hata pamoja mtu anamshusha kwa basi na kumwambia alete kitambulisho.

Mimi nimekulia Garissa. Majini niliamini, hazina iliyofukiwa niliamini. Hiyo ya basi ndiyo ilinishinda.

Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996. Kwangu mimi hakuna riwaya ya Kiswahili ya kijana anayekua inayoifikia, na kama unabisha tupatane kwenye maoni. Kongowea Mswahili anatoka Tanga, anavuka mpaka, anaingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Nilisoma kopi ya abti yangu, ilikuwa imeng'oka kurasa za mwisho, kwa hivyo kwa miaka miwili sikujua kama alimpata. Lakini kilichonikaa kichwani ni ule mpaka. Huyu ametoka nchi nyingine na anasonga tu. Abti, aliyezaliwa hapa hapa, akienda Nairobi alikuwa anabeba kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, na barua ya chifu juu yake.

Hayo mambo hayakuanza jana. Waingereza waliliita eneo hili Northern Frontier District na wakalifanya wilaya iliyofungwa: kuingia au kutoka ulihitaji kibali. Uhuru ukaja 1963, vita vya Shifta vikaja nao, na sheria za hali ya hatari zikabaki huku hadi 1991. Mwaka wa 1989 serikali ikawachuja Wasomali wa Kenya. Ukipita unapewa kadi ya rangi ya waridi ya kuonyesha kwamba wewe ni wa hapa. Yaani una kitambulisho, halafu una kitambulisho cha kuthibitisha kitambulisho. Sasa niambie, hapo mtu angeandikaje riwaya ya kijana anayetoroka kwenda kuona dunia? Kijana mwenyewe angefika wapi?

Stori zenyewe zilikuwepo. Ayeeyo alitulea na Dhegdheer, yule mwanamke mla watu mwenye sikio refu, anayesikia hatua zako ukiwa bado mbali, na watoto wanakimbia gizani roho mkononi. Hakuna filamu imewahi kunitisha vile. Lakini ilikuwa ya mdomo. Kisomali kilipata maandishi rasmi 1972, tena huko Somalia. Miaka miwili kabla, Nuruddin Farah alikuwa ametoa From a Crooked Rib kwa Kiingereza: Ebla, msichana wa wafugaji, anatoroka kambi kwa sababu babu yake amemwoza kwa mzee ili apate ngamia. Farah alikuwa na miaka 24 kitabu kikitoka. Hajanizidi sana, na hiyo inaniuma kidogo. Si kitabu kilichoandikiwa watoto, lakini ni msichana wa kwanza niliyekutana naye kitabuni anayejua harufu ya maziwa ya ngamia.

Turudi 1996. Mwaka uleule wa Siku Njema, shirika la maktaba la taifa lilianzisha maktaba ya ngamia hapa Garissa. Walianza na ngamia watatu. Lori linazama mchangani, ngamia hazami, hesabu ilikuwa rahisi hivyo. Masanduku ya vitabu yanafungwa ubavuni, hema na mikeka vinakuja nyuma, watoto wanakaa chini wanasoma. Wapiga picha wakaja, dunia ikapenda.

Akaja pia mwandishi Mmarekani, Masha Hamilton, na mwaka 2007 akatoa riwaya, The Camel Bookmobile. Fiona, mkutubi wa New York, anakuja huku kusaidia. Sheria ni kwamba kitabu kimoja kisiporudishwa, ngamia hawarudi kijijini, na kuna kijana mwenye makovu usoni ambaye hajarudisha. Manze, huyo kijana ndiye mtu bora kitabu kizima, Hamilton nampa haki yake. Lakini angalia nani anasafiri. Anayepanda ndege, anayebadilika, anayejifunza maisha, ni Fiona. Sisi ni mandhari.

Ndiyo maana 2020 ni mwaka muhimu kwangu. When Stars Are Scattered ni kitabu cha katuni, Omar Mohamed akisimulia maisha yake mwenyewe, Victoria Jamieson akichora. Omar na mdogo wake Hassan wanakulia kambi ya Ifo, Dadaab, kama kilomita 100 tu kutoka hapa mjini. Baba ameuawa Somalia, mama amepotea vitani. Hassan anasema neno moja tu, hooyo, yaani mama. Hakuna anayekimbizwa na jambazi. Safari nzima ni kungoja: foleni ya maji, mahojiano ya UN, jina kutoka kwenye orodha. Na bado unafungua kurasa kama unafukuzwa, kwa sababu Omar akienda shule, nani atabaki na Hassan? Amri anaifanya akiwa mtoto wa darasa la tano. Mimi kuamua kuacha chuo karo ilipokwama kulinichukua muhula mzima.

Lakini hata Omar, ili kitabu kiishe, inabidi apande ndege kwenda Marekani. Wa Bulla Iftin anayetaka tu kufika Nairobi bado hana kitabu.

Ndiyo naandika kwa simu, usiku, kimekuwa na kurasa 40 hivi. Kijana wangu amepanda basi alfajiri na hajavuka daraja la Tana. Nimemkwamisha kwenye kizuizi na sijui nimtoe vipi. Binamu yangu wa miaka 13 amesoma yote, akauliza kwa nini asishuke apitie mtoni. Nikamwambia kuna mamba.

Akaniangalia. "Si hiyo ndiyo stori?"