Kufungwa kwa Gereza la Peterhead

Kila askari polisi wa Bujumbura anaijua njia ya kwenda Mpimba. Mtuhumiwa hukamatwa mtaani, maelezo yake huandikwa, mwendesha mashtaka huyasoma, hakimu huamua, na gari humshusha mbele ya lango la gereza kuu. Hapo kazi ya polisi huhesabiwa kuwa imekwisha. Walakini mtu aliyefungwa kwa kunajisi mwanamke au mtoto, isipokuwa afie gerezani, siku moja atatoka kwa lango lile lile na kurudi miongoni mwa watu. Yatendekayo kati ya kuingia kwake na kutoka kwake yanawahusu sana walinzi wa usalama, ingawa aghalabu huachiwa bwana jela peke yake.

Burundi imekaza sheria katika jambo hili. Sheria ya Makosa ya Jinai ya Aprili 2009, ile ile iliyofuta adhabu ya kifo, iliongeza ukali wa adhabu kwa wabakaji; tena ikafuata sheria ya tarehe 22 Septemba 2016 ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia. Kwa upande wa waliotendewa, Bujumbura ilipata kituo cha Seruka mwaka 2003, kilichoanzishwa na Madaktari Wasio na Mipaka. Kwa upande wa waliotenda, jawabu limekuwa kifungo. Nalo gereza la Mpimba lilijengwa kwa watu 800, na kwa miaka mingi limebeba mara kadhaa ya idadi hiyo. Penye msongamano wa namna hiyo ni vigumu hata kupata pembe ya kulala, sembuse chumba cha kuwaketisha watu kumi pamoja na mtaalamu.

Ziko nchi zilizokwenda njia nyingine, zikatenga gereza au wodi nzima kwa ajili ya wahalifu wa namna hii, kwa nia ya kuwabadili kabla ya kuwaachia. Baadhi ya mahali hapo pamekwisha kufungwa, na kisa cha kufungwa kwake kina mafunzo kuliko kisa cha kufunguliwa. Hicho cha Peterhead, huko Uskoti, kina kumbukumbu nyingi.

Peterhead ni bandari ya wavuvi, pwani ya kaskazini mashariki, mahali pa upepo na baridi kali. Gereza lake lilipokea wafungwa wa kwanza mwaka 1888, na sababu yake haikuwa mafunzo ya namna yoyote. Serikali ilitaka ukuta mkubwa wa mawe wa kuzuia mawimbi ili meli zipate kimbilio, na wafungwa ndio waliopasua mawe hayo machimboni na kusafirishwa kwa treni iliyotengenezwa kwa ajili yao. Ukuta huo ulikamilika mwaka 1956. Askari magereza wa Peterhead walibeba majambia kiunoni hadi mwaka 1939, kisha wakabeba bunduki. Hata hivyo mfungwa mmoja, Johnny Ramensky, mvunja makasha ya fedha, alitoroka mara tano. Na katikati ya vituko vyake jeshi la Uingereza lilimchukua wakati wa Vita Vikuu vya Pili akawafundishe makomando kutumia baruti.

Mwisho wa Septemba 1987 wafungwa waliasi, wakamteka askari mmoja wa gereza na kumpandisha juu ya paa mbele ya kamera za televisheni. Alfajiri ya tarehe 3 Oktoba, kikosi cha SAS kiliingia na kumwokoa katika muda wa dakika chache. Hapana shaka kwamba operesheni hiyo ilifanikiwa. Lakini gereza linalohitaji makomando ili mlinzi wake ashuke kutoka paani halikuwa tena na sifa ya kuitwa gereza, nayo serikali ikatafuta kazi nyingine ya kulipa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Peterhead likakusanya wahalifu wa makosa ya kujamiiana, hata likawa na wafungwa wapatao 300 wa aina hiyo. Fikira iliyoongoza jambo hili ilitokana na kuyajua magereza. Katika gereza la kawaida mnajisi hudharauliwa na kupigwa na wafungwa wenzake, kwa hiyo hujificha, huomba ulinzi, na hukana kosa lake mchana na usiku. Mtu anayekana hawezi kufundishwa. Wakiwekwa pamoja, wote wenye kosa la namna moja, sababu ya kujificha hupungua. Wakaketishwa katika vikundi vidogo, wakiongozwa na wataalamu wa saikolojia pamoja na askari magereza waliopewa mafunzo, na kila mmoja akatakiwa aeleze alilolitenda, namna alivyojipa udhuru, na hatari zinazomngoja atakapotoka. Askari waliowahi kurushiwa mawe kutoka paani sasa waliketi duarani na wafungwa.

Machi 2002 Waziri wa Sheria wa Uskoti, Jim Wallace, alitangaza pendekezo la kulifunga. Jengo lilikuwa bovu mno. Seli hazikuwa na choo wala maji, na mfungwa alijisaidia katika chombo alichokwenda kukimwaga asubuhi. Serikali ilitaka magereza mapya. Waliosimama kupinga hawakuwa wafungwa, bali wake za askari magereza, waliokwenda hadi Edinburgh kulitetea. Ni jambo la nadra mji kupigania ubakie na wabakaji 300! Miji mingine ya Uingereza iliandamana ili kumwondoa hata mmoja.

Aliyeipinga hatua hiyo pia alikuwa Brigedia Clive Fairweather, Mkaguzi Mkuu wa Magereza tangu mwaka 1994. Huyu hakuwa mtu wa kudhaniwa kuwa mlaini kwa wahalifu: mwaka 1980, SAS ilipouvamia ubalozi wa Iran mjini London kuwaokoa mateka, yeye alikuwa naibu kamanda wa kikosi hicho. Hoja ya watetezi ilikuwa kwamba jengo laweza kubomolewa, bali ustadi wa askari waliozoeana na kazi ngumu haubebwi kwa lori. Kabla ya mwaka huo kwisha serikali ilirudi nyuma, na Peterhead likabakia.

Lilibakia kwa miaka kumi na moja tu. Desemba 2013 lilifungwa kabisa, na Machi 2014 gereza jipya la Grampian likafunguliwa jirani yake. Hilo jipya halikutengwa kwa wanajisi. Liliwekwa kwa wafungwa wa eneo hilo, wanaume, wanawake na vijana pamoja. Waliokuwa Peterhead walitawanywa katika magereza mengine, likiwamo Glenochil. Miezi michache baadaye, Mei 2014, wafungwa wa Grampian walifanya machafuko na kuharibu jengo moja. Kufunga seli zisizo na choo kulikuwa haki, wala hakuna wa kulilia. Kuwatawanya watu waliokwisha kukusanywa kwa sababu maalumu ni shauri jingine, na mashauri haya mawili yaliamuliwa kana kwamba ni moja.

Ingekuwa rahisi kudai kwamba Peterhead liliponya watu. Ushahidi wa nchi nyingine unamtaka msemaji awe mwangalifu. California, katika hospitali ya Atascadero, ilianzisha mwaka 1985 wodi ya namna hiyo na kuchagua kwa kura, kati ya waliojitolea, nani atafundishwa na nani hatafundishwa. Wodi ilifungwa mwaka 1995. Matokeo ya mwisho, yaliyochapishwa mwaka 2005, hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi. England na Wales ziliendesha programu yao magerezani tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Mwaka 2017 serikali ilichapisha hesabu ya wafungwa 2,562 waliofundishwa, ikiwalinganisha na wengine zaidi ya 13,000: asilimia 10 ya waliofundishwa walirudia makosa ya kujamiiana, na asilimia 8 ya wasiofundishwa. Programu hiyo ikaondolewa. Kwa robo karne askari na wataalamu waliifanya kwa moyo safi, na wafungwa wengi walikwisha kuachiliwa kabla hesabu hiyo haijafanywa.

Kwa hiyo nchi hizo hazikutegemea somo la gerezani peke yake. Tangu sheria ya mwaka 1997, mhalifu wa aina hii katika Uingereza hujiandikisha kwa polisi na kutoa taarifa akihama nyumba. Tangu mwaka 2007 Uskoti huwaketisha pamoja polisi, magereza na serikali za mitaa ili kupanga namna ya kumwangalia kila mmoja atokaye. Jirani zetu wa Kenya nao, katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, waliweka kumbukumbu ya waliohukumiwa na usimamizi wa walio hatari zaidi.

Jengo la kale la Peterhead ni jumba la makumbusho tangu mwaka 2016, na wageni hulipa kiingilio ili kuzitazama seli. Huko Bujumbura, lango la Mpimba lingali likifunguka kila siku kwa waliomaliza kifungo. Kilimani, majirani humjua mtu aliyerudi, na baba wa nyumba hujua mtoto apite njia ipi kwenda kisimani. Kinama au Buterere, ambako watu hupanga na kuhama, aliyetoka asubuhi aweza kukodi chumba jioni kando ya shule, na polisi wa zamu, huenda yule yule aliyemkamata miaka iliyopita, akamsalimia njiani bila kumkumbuka.