Chuma Kinachojengwa kwa Unga

Kwa maelfu ya miaka, aliyetaka kifaa cha chuma alikifua, alikimimina kwenye kalibu, au alikichonga. Mashine za kukereza za karne ya 19 zilileta usahihi mkubwa, lakini pia zilijaza sakafu za karakana chenga za chuma kilichonunuliwa kwa pesa.

Njia ya kujenga badala ya kupunguza ilisubiri leza. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza mwaka 1960, California. Ikapita robo karne kabla Carl Deckard, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, hajaitumia kugandisha unga tabaka juu ya tabaka. Mwale wake wa wati 100 uliongozwa na Commodore 64, kompyuta ambayo watoto waliichezea gemu. Unga wenyewe ulikuwa wa plastiki.

Chuma kilikuwa kikaidi zaidi. Katikati ya miaka ya 1990, mashine za kampuni ya EOS ya Ujerumani zilitumia unga wa mchanganyiko: kiambato kinachowahi kuyeyuka kiligeuka gundi ya kile kinachochelewa. Kifaa kilitoka na vitundu ndani. Ndipo watafiti wa taasisi ya Fraunhofer mjini Aachen, mwaka 1996, wakaamua kuyeyusha unga wa chuma kisichoshika kutu wote, ndani ya gesi ya kinga. Sifa nyingi hupewa Texas. Mimi naona historia ya chuma inaanzia Aachen.

Leo mashine hutandaza unga wenye unene wa mikroni 30 au 50, chini ya unene wa unywele. Vioo viwili hucheza, mwale unachora umbo, sinia linashuka, unga mwingine unatandazwa. Hivyo hivyo, mara elfu kadhaa. Kwa injini ya ndege ya LEAP, kampuni ya GE iligeuza vipande takriban 20 vya ncha ya nozeli ya mafuta kuwa kimoja, na uzito ukapungua kwa asilimia 25. Kufikia mwaka 2018, kiwanda cha Auburn, Alabama, kilikuwa kimetoa nozeli 30,000.

Joto, hata hivyo, halijasahau tabia zake. Kila tabaka linapopoa hujikaza na kulivuta la chini yake. Ukikitenga kifaa na bamba ambalo kimejengwa juu yake kabla ya kukipasha moto tanuruni, huenda kikajikunja. Kwa hiyo tanuru kwanza, halafu msumeno, halafu tupa.