Posho, Jembe na Ujirani: Wakimbizi wa Rwanda Katika Kivu Yetu





Kitabu cha Walawi chatufundisha kwamba katika mwaka wa Jubile kila mtu alirudia shamba la jamaa yake. Kwa hiyo, tunapofurahia Jubile ya parokia yetu, yafaa tuwakumbuke watu waliofika katika Kivu wakiwa wamepoteza mashamba yao yote.

Fujo zilianza Rwanda mwezi wa Novemba 1959. Nyumba zilichomwa moto, na Watutsi wengi walikimbilia Burundi, Uganda, Tanganyika na huku kwetu. Wengi walifika mikono mitupu. Kwanza walihitaji chakula, blanketi na dawa. Lakini njaa ya mkimbizi haiishi kwa bugali wa siku moja.

Ndipo HCR, yaani shirika la Umoja wa Mataifa lenye kushughulikia wakimbizi, lilisaidia kufungua makao mapya: Bibwe na Ihula upande wa kaskazini, Kalonge, Lemera na Mulenge upande wa kusini. Jamaa zilipewa ardhi, majembe na mbegu. Posho iliendelea mpaka mavuno, kisha ikapunguzwa kidogo kidogo, ili kila jamaa ijilishe yenyewe. Baadaye Shirika la Kazi la Kimataifa, BIT, lilileta mpango wa kuendeleza eneo zima, ili mwenyeji na mgeni wafaidike pamoja. Hiyo ilikuwa hekima, kwa maana mwenyeji maskini akiona mgeni analishwa naye amesahauliwa, kijicho huzaliwa.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Wengi wa wakimbizi walikuwa wafugaji, hawakuzoea kufyeka msitu. Tena wengi walitumaini kurudi kwao upesi. Kwao, kupanda muhogo katika nchi ya ugeni kulikuwa sawa na kukubali kwamba nyumbani kumepotea. Tusiwahesabu kuwa wavivu: jembe lilikuwa zito kwa sababu moyo ulikuwa mzito.

Mwaka wa 1964 vita vya Wamulele vilifika Kivu. Wakimbizi wengine walijiunga na waasi, wengine hapana; lakini lawama iliwaangukia wote, na serkali ikaamuru wafukuzwe. Tarehe 18 Agosti mwaka ule, François Preziosi wa HCR na Jean Plicque wa BIT waliuawa huko Mwamba, wakiwa katika kazi yao kwa ajili ya wakimbizi. Basi mashamba yaliyoanza kuzaa yakaachwa.

Karibu watu 3,000 walipelekwa kwa ndege kutoka Goma mpaka Tabora, kisha wakapewa makao Mwesi, katika milima iliyo mashariki ya ziwa Tanganyika. Huko walishika jembe mara ya pili. Mwaka wa 1980 Tanzania iliwafungulia wakimbizi wa Rwanda njia ya kuwa raia. Hapo ndipo mtu aliweza kupanda mti bila kuogopa kwamba kesho atafukuzwa chini ya kivuli chake.

Basi tumejifunza nini? Posho huokoa uhai. Jembe humrudishia mtu heshima yake. Lakini vyote viwili vyaweza kupotea siku moja, ikiwa jirani hamtambui mgeni kuwa mtu mwenye haki ya kukaa, na ikiwa kosa la wachache linahesabiwa juu ya wote.

Maneno haya hatuyasemi kama watazamaji tu. Tangu mwaka wa 1996 wengi wetu pia tumekimbia vita, tumebeba magodoro vichwani na watoto mgongoni, tumegonga mlango wa watu tusiowajua. Twakumbuka waliotufungulia, na waliotufungia.

Kwa hiyo, wapenzi, tunapoleta mchango wetu wa Caritas, tusiishie kwenye kilo ya maharagi. Tumtafutie mgeni kipande cha shamba. Tumwite kwa jina lake. Na siku atakaposingiziwa kosa la mwingine, tusimame kando yake. Hivyo ndivyo Jubile yetu itakavyokuwa ya kweli.