Kuyapima Mawe ya Wengine: Ukaguzi wa Bati na Koltani Katika Historia ya Kalemie

Mji wa Kalemie, ulioitwa Albertville tangu ulipoasisiwa na afisa Mbelgiji Alphonse Jacques mwishoni mwa 1891 hadi jina hilo lilipoondolewa mwaka 1966, umejengwa pale ambapo mto Lukuga unaliacha Ziwa Tanganyika na kuelekea Lualaba, na mahali hapo ndipo palipoupa kazi yake ya kihistoria, yaani kupokea mizigo ya bara, kuishusha, kuipima upya na kuivusha. Katika mizigo hiyo mawe ya bati, na baadaye ya koltani, yana historia ya pekee, kwa kuwa ubora wake haujulikani kwa macho, na kwa sababu hiyo swali la nani anayeyapima, kwa chombo gani na kwa faida ya nani, limeamua maisha ya watu wengi kuliko bei yenyewe inayotangazwa London.

Njia ilitangulia mzigo. Kampuni ya Reli ya Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1902, ilikamilisha reli ya Kabalo hadi Albertville, yenye urefu wa kilomita 273 hivi, mwaka 1915, mwaka mmoja tu baada ya reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam kufika Kigoma; na kwa mkataba wa 1921 Uingereza iliikodisha Ubelgiji maeneo ya bandari huko Kigoma na Dar es Salaam kwa faranga moja kwa mwaka, ili bidhaa za Kongo zipite hadi Bahari ya Hindi bila kuzuiwa na forodha.

Mzigo wenyewe ulitoka Manono, katika machimbo ya kaskazini mwa mkoa wa Katanga, na ulikuwa wa kampuni ya Géomines, iliyoanzishwa mwaka 1910 na kuanza kuchimba huko baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kilichochimbwa kilikuwa kasiterite, jiwe zito la rangi ya kahawia iliyokolea hadi nyeusi, ambalo ni bati lililoungana na oksijeni, na ambalo hata likiwa safi kabisa halina bati zaidi ya asilimia 78.8. Géomines ilishika mnyororo wote mkononi mwake: ilichimba, ikaosha, ikatenganisha kasiterite na mawe mengine, ikapima katika maabara yake, na tangu bwawa la umeme la Piana Mwanga lilipoanza kazi mwaka 1933 katika mto Luvua, ikawa na nguvu ya kuendesha machimbo na tanuri lake. Katika mfumo huo ukaguzi ulikuwa shughuli ya ndani ya kampuni, na mnunuzi wa Ulaya alipokea mkuo wa bati, yaani kipande cha metali kilichokwisha kuyeyushwa na kumiminwa, badala ya gunia la kubahatisha. Wafanyakazi waliochimba hawakuwa na sauti juu ya vipimo hivyo, ingawa ni haki kukiri kwamba mshahara wao, japo ulikuwa mdogo, haukutegemea kiasi cha bati ndani ya kila beseni. Mawe ya spodumene, yenye madini ya lithiamu, yalitupwa kama takataka kwa sababu hakuna mnunuzi aliyeyaulizia, na leo vilima vya takataka hizo vinatafutwa na kampuni za mabara kadhaa. Ubora wa jiwe, basi, huamuliwa na haja ya yule anayelinunua.

Mfumo huo ulidhoofika polepole chini ya Zaïre-Étain, kampuni ya baada ya uhuru, kisha soko la bati likaporomoka Oktoba 1985, Baraza la Kimataifa la Bati liliposhindwa kulipa madeni yake, na vita vilivyoanza mwaka 1998 vikamaliza kilichobaki. Uchimbaji ulihamia mikononi mwa wachimbaji wadogo, ambao Kanuni ya Madini ya 2002 iliwatambua kwa kuwapa kadi na maeneo maalumu. Pamoja na uchimbaji ulihama ukaguzi, na hili ni badiliko kubwa lisilotajwa vya kutosha, kwa maana kazi iliyofanywa na maabara sasa ilifanywa kwa karai, moto na mizani ya mkono.

Namna ya kazi hiyo inastahili kuelezwa. Mchanga uliochimbwa huoshwa katika maji yanayotiririka, vyepesi vikachukuliwa na vizito vikabaki; kisha hukaushwa juu ya bati la kuezekea lililowekwa motoni, na sumaku hupitishwa juu yake ili kunasa chembe za chuma. Mchuuzi anayekuja kununua hupima uzito wa jiwe hewani na ndani ya maji, kwa kuwa kasiterite ni nzito karibu mara saba kuliko maji ilhali mchanga wa kawaida haufiki mara tatu. Kwa koltani, ambayo ni jiwe lenye metali mbili ziitwazo niobi na tantali, kipimo hicho kina maana zaidi, kwa sababu kadiri tantali inavyozidi ndivyo jiwe linavyozidi uzito, na tantali ndiyo inayolipwa. Wakati bei ya tantali ilipopanda ghafla mwaka 2000 kwa mahitaji ya viwanda vya elektroniki, ujuzi huu wa maji na mizani ulienea haraka katika mashariki yote ya Kongo.

Lakini makisio ya mchuuzi si neno la mwisho. Katika nyumba za ununuzi na uuzaji nje, ambazo Wakongo huziita kontwari, kila gunia hudungwa kwa bomba lenye ncha linalochota mchanga kutoka juu hadi chini. Machoto yote huchanganywa, hurundikwa, rundo hugawanywa robo nne, robo mbili zinazokabiliana hutupwa na mbili huchanganywa tena, hadi ibaki sampuli ndogo inayowakilisha shehena nzima. Sampuli hiyo hutiwa katika pakiti zinazopigwa lakiri: moja ya muuzaji, moja ya mnunuzi, na nyingine huhifadhiwa kwa maabara ya tatu itakayoamua endapo majibu ya pande mbili yatatofautiana kupita kiasi kilichokubaliwa. Koltani hupimwa pia mionzi, kwa kuwa hubeba urani na thori, na ikivuka bekereli 10 kwa gramu huhesabiwa kuwa mzigo wa mionzi ambao kampuni nyingi za meli huukwepa. Kwa upande wa serikali, Ofisi ya Ukaguzi ya Kongo, iliyoanzishwa mwaka 1974, na kituo cha tathmini na uthibitisho kiitwacho CEEC, ndivyo vyenye dhamana ya kuthibitisha mzigo kabla haujatoka nchini. Utaratibu huu ni wa haki, na umebuniwa kwa makini. Kasoro yake ni kwamba mchimbaji hana pakiti yake.

Mwaka 2010 swali jingine liliongezwa, la mahali jiwe linapotoka. Sheria ya Marekani iitwayo Dodd-Frank, ya Julai mwaka huo, ilizitaka kampuni zilizosajiliwa katika soko la hisa zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu zao zinatoka Kongo au nchi jirani, na Desemba wakuu wa nchi za Maziwa Makuu, waliokutana Lusaka, waliidhinisha cheti cha kikanda cha madini. Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema zilikuwa zimefungiwa uchimbaji kwa amri ya Rais tangu Septemba 2010 hadi Machi 2011, na kwa kuwa Katanga haikuwemo katika amri hiyo, mpango wa iTSCi, ulioanzishwa na vyama vya wafanyabiashara wa bati na tantali duniani, ulienea kwanza kaskazini mwa Katanga, katika machimbo ya Manono na Nyunzu, likiwemo chimbo la Kisengo. Mawakala wa serikali hufunga lebo yenye namba kwenye gunia machimboni, nyingine hufungwa kwa mchuuzi, na uzito huandikwa daftarini, ili gunia lifuatiliwe hadi kwenye tanuri la Asia. Machimbo nayo hukaguliwa na kupewa rangi, ya kijani ikiruhusu biashara na nyekundu ikiikataza.

Kwa mara ya kwanza, basi, gunia safi kabisa liliweza kukataliwa, na hilo lilikuwa na sababu nzito, kwani biashara hiyo ilikuwa imelisha makundi yenye silaha kwa miaka mingi. Hata hivyo lebo ni kitu chepesi kuhamishwa. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilidai katika ripoti yake kwamba madini ya machimbo yasiyoruhusiwa yalikuwa yakiingizwa katika mnyororo wa iTSCi, madai ambayo wasimamizi wa mpango waliyakanusha. Gharama ya lebo hutozwa kwa kila tani inayouzwa nje, na mnunuzi huikata katika bei anayotoa, naye aliye chini yake hufanya vivyo hivyo, hadi makato yafike shimoni. Huko mchimbaji hulipwa siku hiyo hiyo kwa makisio ya mchuuzi, ilhali asilimia ya kweli ya bati au tantali hujulikana baada ya wiki au miezi, katika maabara ya nchi nyingine. Na ikiwa ni kubwa kuliko ilivyokisiwa, nyongeza huishia kwa aliyesaini mkataba wa mauzo.